Goli Lilipofika kwa Meseji: Tulivyofuatilia Simba na Yanga Kutoka Bankstown

Usiku wa Jumapili, tarehe 20 Oktoba 2013, nililala nikiwa mshindi. Nilipoamka, ushindi haukuwepo.

Nilikuwa na miaka 26, mwanafunzi wa shahada ya uuguzi, nimepanga chumba katika nyumba ya watu watano karibu na stesheni ya Bankstown. Stashahada yangu nilikuwa nimeipata nyumbani Tanzania. Huku mchana nilisoma, na siku nyingine nilifanya shifti katika nyumba ya wazee. Usiku ule nilikaa kitandani, daftari magotini na simu mkononi. Dar es Salaam ilikuwa saa kumi jioni, kwetu saa sita kamili usiku. Simba na Yanga walikuwa wanaingia Uwanja wa Taifa, na mimi nilikuwa naingia nao kwa kupitia kioo kidogo cha simu.

Mimi ni Yanga, kama marehemu baba yangu. Mdogo wangu wa kiume ni Simba, na ndiye aliyekuwa mtangazaji wangu, kwa sababu ndiye aliyekuwa na pesa ya kiingilio na miguu ya kukaa uwanjani tangu saa sita mchana. Hapo ndipo palipokuwa na kasoro. Timu yake ikifunga, meseji zilimiminika. Ikifungwa, mtandao "ulisumbua".

Kipindi cha kwanza nilipata meseji moja tu: "Ngasa. 1-0 nyinyi." Kisha kimya. Nikabipu, hakuna jibu. Nikafungua kurasa za matokeo ya mpira duniani, nikakuta ligi za Ulaya hadi daraja la tatu, yetu haimo. Ilipofika mapumziko, simu ikalia. Alikuwa Baba mwenyewe, kwa simu yake ndogo ya tochi: "Tatu bila. Kiiza mawili. Lala mwanangu, kesho una kazi."

Nikazima taa. Shifti yangu ilianza saa moja asubuhi, na tatu bila mapumziko ni jambo la kulalia usingizi mtamu.

Saa kumi na moja alfajiri nilikuta meseji kumi na nne, zote za mdogo wangu. Mombeki. Owino. Na zikiwa zimebaki dakika chache, Kaze. Tatu kwa tatu. Chini kabisa palikuwa na meseji moja ya Baba: "Usiwasome hao."

Kila nikiwasimulia vijana wa siku hizi kisa hiki, huwa wanauliza swali moja: kwa nini hukuangalia tu? Makala hii ni jibu langu kwao. Na kwako, msomaji uliyekuwa huku ughaibuni miaka ile, ni kumbukumbu yetu sote.

Kwa nini maneno, si picha

Kwanza, picha zenyewe zilikuwa adimu. Azam TV ilianza kurusha matangazo yake Desemba 2013, miezi miwili baada ya mechi ile. Kabla ya hapo, mechi chache za ligi yetu zilionekana kwenye runinga hata kwa aliyekaa Kariakoo. Kama hakuna kamera uwanjani, intaneti haina cha kubeba.

Pili, njia yenyewe ilikuwa nyembamba. Hadi katikati ya 2009, pwani ya Afrika Mashariki ilitegemea setilaiti kwa mawasiliano ya intaneti na dunia. Mkonga wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam na Mombasa Julai 2009, na mingine ikafuata, ndipo barabara ilipopanuka. Lakini mkonga kufika ufukweni ni jambo moja, na mtu wa Keko kuwa na bando la kutosha kwenye simu yake ni jambo lingine.

Fanya hesabu hii. Redio ya intaneti ya ubora wa chini, kilobiti 32 kwa sekunde, inakula kama megabaiti 14 kwa saa. Video hafifu kabisa, kilobiti 500 kwa sekunde, inakula kama megabaiti 225 kwa saa, yaani mara kumi na tano na zaidi. Meseji ya simu ina nafasi ya herufi 160 tu. Mtu mwenye vocha ndogo hahitaji kuambiwa achague nini.

Tatu, saa. Kuanzia Jumapili ya kwanza ya Oktoba hadi Jumapili ya kwanza ya Aprili, Sydney inaitangulia Afrika Mashariki kwa saa nane. Miezi mingine ni saa saba. Kwa hiyo mechi ya saa kumi jioni ilituangukia saa sita usiku wakati wa joto, na saa tano usiku wakati wa baridi. Wenzetu walioko Muscat au London walifuatilia mpira macho makavu. Sisi tulifuatilia tukiwa nusu usingizini, na kesho yake kuna mgonjwa wa kuoshwa saa moja asubuhi.

Njia zetu nne

Ya kwanza ilikuwa kubipu. Makubaliano yalifanywa kabla ya mechi: mlio mmoja ni goli la Yanga, miwili ni la Simba, mitatu mpira umekwisha. Haikugharimu senti. Ubaya wake ni kwamba mlio haukuambii nani kafunga. Tena shangazi akikubipu kwa shida zake za ada katikati ya kipindi cha pili, unashangilia goli ambalo halipo.

Ya pili ilikuwa meseji. Meseji ya kwenda nje ilikuwa ghali kuliko ya ndani, kwa hiyo kila herufi ilikuwa na kazi. Mdogo wangu alijifunza kuandika kama mwandishi wa zamani wa telegramu: jina, dakika, matokeo. "Okwi 1-0." "Kona 3 mfululizo." "Kipa wenu kaumia, kasimama." Baadaye alipopata simu yenye intaneti maneno yaliongezeka, ila mtindo ulibaki uleule.

Ya tatu ilikuwa redio. Stesheni za nyumbani zilipoanza kusikika kwenye intaneti tuliona tumepata pepo. Lakini sauti ile ilichelewa. Kompyuta hukusanya kwanza akiba ya sauti ndipo ianze kuicheza, na mtandao ukiyumba inasimama kukusanya tena. Ungemsikia mtangazaji akisema, "Anaambaa na mpira, anaingia ndani ya kumi na nane," halafu kimya, kiduara kinazunguka. Wakati huohuo simu inatetemeka mezani: meseji kutoka uwanjani imefika na goli kabla ya redio. Nilijifunza kuigeuza simu kifudifudi ili nisiharibiwe utamu.

Ya nne ilikuwa ya watu wenye kadi za kupigia simu nje, zile zilizouzwa kwenye maduka ya kona, za kukwaruza namba. Jirani yangu mmoja, mama wa Kikongo kutoka Lubumbashi, alikuwa akimpigia kaka yake, na kaka anaiweka simu kando ya redio. Hivyo ndivyo alivyoifuatilia TP Mazembe mwaka 2010, mwaka walioifunga Internacional ya Brazil 2-0 na kuwa klabu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali ya Klabu Bingwa ya Dunia. Aliniambia kadi ilikatika akabaki anasikiliza mlio wa simu kwa dakika nzima, asijue kama zile kelele za mwisho zilikuwa za furaha au za msiba.

Mei 2012

Faida ya maneno niliielewa katika mechi ambayo nisingependa kuikumbuka. Tarehe 6 Mei 2012, Simba waliifunga Yanga 5-0. Kwetu ilianza saa tano usiku. Mdogo wangu, ambaye mtandao wake kwa kawaida ulikuwa dhaifu, siku hiyo alikuwa na mtandao wa ajabu.

Meseji moja ilikuwa na neno moja tu: "Kaseja."

Nikajibu: "Kaseja kafanya nini?" Kaseja ni kipa.

"Kafunga."

Nilidhani ananitania. Kumbe kweli, Juma Kaseja alikuwa ameacha lango lake akaenda kupiga penalti, na ikaingia. Emmanuel Okwi alifunga mawili, na Felix Sunzu na Patrick Mafisango wakamalizia hesabu. Baba alikuwa nyumbani Keko na redio yake. Upepo ukiwa mzuri, kelele za uwanjani huwa zinafika pale zenyewe bila redio. Alinitumia meseji baada ya la tano: "Nimezima redio lakini bado nawasikia."

Nilicheka peke yangu gizani mpaka mwenzangu wa chumba cha pili akagonga ukuta.

Siku kumi na moja baadaye, tarehe 17 Mei, mdogo wangu aliandika tena. Hakukuwa na mechi. "Mafisango amefariki. Ajali ya gari." Nilikuwa kwenye basi nikielekea chuoni, na ndani ya basi lile hakuna aliyemjua. Nilimjibu mdogo wangu pole, kama anavyopewa pole mfiwa, naye akaipokea hivyohivyo. Kwa miaka yote ya utani wetu, hiyo ndiyo meseji pekee ya mpira niliyomwandikia bila kuwa Yanga.

Hatukuwa peke yetu

Kwa muda mrefu nilidhani hii ni shida ya sisi maskini wa bando. Mwenzangu wa kazini, muuguzi mzee kidogo kutoka Pakistani, ndiye aliyenifumbua macho. Bankstown ni mji wa kriketi. Mapacha Steve na Mark Waugh walichezea klabu ya hapa. Lakini yeye kriketi yake ilikuwa ya kwao, na aliifuatilia kwa maandishi miaka mingi kabla yangu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanafunzi wa Asia Kusini waliotawanyika katika vyuo vikuu vya Marekani na kwingineko walikuwa na njaa ileile. Runinga za huko hazikuonyesha kriketi. Wakawa wanakutana kwenye mazungumzo ya maandishi ya intaneti. Mtu mwenye runinga au redio anaandika mpira kwa mpira, wengine wanasoma. Mwaka 1993, Simon King, Mwingereza aliyekuwa akifanya utafiti katika Chuo Kikuu cha Minnesota, alianzisha Cricinfo, na kazi ile ya kujitolea ikawa mtandao mkubwa wa kriketi duniani. Chanzo chake si kampuni ya runinga. Ni watu waliokuwa mbali na kwao.

Hata Wamarekani wenyewe walipitia hapo. Softiboli ya wasichana wa vyuo, ndugu wa besiboli, haikupata nafasi kubwa kwenye runinga kwa miaka mingi. Mzazi aliyekuwa na binti anayechezea chuo cha jimbo la mbali alifungua ukurasa wa chuo na kusoma. Kando ya uwanja alikaa mtu na kompyuta, akiingiza kila tukio: nani karusha, nani kapiga, nani katolewa, nani kafika kituo cha pili. Mstari mmoja unatokea, kisha unasubiri. Mzazi wa Ohio na mimi wa Bankstown tulikuwa tunafanya kazi ileile: kusoma mstari mmoja na kuujengea uwanja mzima kichwani.

Na kichwa kinajenga vizuri. Baba alitufundisha hivyo tangu utoto kwa Redio Tanzania Dar es Salaam, kwa sauti za kina Charles Hilary na Ahmed Jongo. Tulikuwa hatujaingia uwanjani hata siku moja, lakini tulijua mpira uko upande gani. Wenzetu wa Kenya watasema hivyohivyo kuhusu Leonard Mambo Mbotela. Charles Hilary na Mbotela wote wawili walitutoka mwaka uleule mmoja, 2025, na nadhani ndiyo maana nimeamua kuyaandika haya sasa.

Picha zilipokuja

Siku hizi mambo ni mepesi. Kuna programu za simu, kuna video za moja kwa moja, kuna magoli yaliyokatwa na kusambazwa kabla mfungaji hajamaliza kushangilia. Uwanja wa Taifa wenyewe tangu 2020 unaitwa Uwanja wa Benjamin Mkapa, na ninauona vizuri kuliko nilivyouona nilipoishi jirani nao. Mimi si mtu wa kusema zamani ilikuwa bora. Anayetaka kurudi kwenye kiduara kinachozunguka aende peke yake.

Lakini kuna kitu kilichoondoka, nami nilikiona kwa kuchelewa.

Baba alifariki mwaka 2017. Nilifika nyumbani siku ya nne, kaburi likiwa limekauka. Niliporudi Bankstown nilianza kutafuta sauti yake. Sikuwa na video yake hata moja. Hakupenda kupigwa picha. Nikakumbuka simu yangu ya zamani, ile ya 2012, iliyokuwa kwenye droo pamoja na chaji yake. Niliichomeka, ikawaka.

Zote zilikuwepo. "Lala mwanangu, kesho una kazi." "Nimezima redio lakini bado nawasikia." "Usiwasome hao." Na nyingine ambazo nilikuwa nimezisahau, zilizoandikwa na mdogo wangu akiwa nyumbani: "Baba anasema ule ule." "Baba anasema yule beki angemfaa mama yako kuchuma karafuu, hajui kuruka." Meseji mia na kitu za mpira, na ndani yake Baba mzima: utani wake, hasira zake za dakika tano, na wasiwasi wake juu ya usingizi wangu.

Baada ya 2014, tulipoanza kuona mechi sote kwa wakati mmoja, meseji zilipungua hadi kuwa alama za kucheka na kulia. Hakukuwa na haja ya kunieleza goli, nimeliona. Kwa hiyo miaka mitatu ya mwisho ya Baba, miaka ambayo mtandao ulikuwa mzuri kuliko yote, ndiyo miaka ambayo nina maneno yake machache zaidi.

Sijui kama nimeeleweka, kwa hiyo niseme wazi. Mpira haukuwa unanifikia kwa sababu ya simu. Ulinifikia kwa sababu kuna mtu aliyekuwa anaangalia kwa niaba yangu. Alichagua aniambie nini, alinificha nini, alijua nitacheka wapi. Video hainijui, haijui hata kama nimelala.

Sasa mimi ndiye mtangazaji

Binti yangu ana miaka kumi na moja. Anasoma hapahapa, na kati ya michezo yote ya dunia amechagua softiboli. Jumamosi mchana hukaa kwenye nyasi na chupa ya chai, nikijaribu kuelewa kwa nini watu wanapiga makofi.

Mama yangu, huko Keko, alitaka kujua mjukuu wake anacheza nini. Nilituma video. Mdogo wangu akanijibu kwa upole kwamba bando limeisha kabla mtoto hajashika gongo, na kwamba Mama ameuliza wale watoto wamesimama wanangoja nini.

Basi nikaanza kuandika. Saa nane mchana kwetu ni saa kumi na mbili asubuhi kwao. Mama anakuwa ameshaamka, ana chai yake, na mdogo wangu anamsomea kwa sauti. Sasa wao ndio wanaojihimu na mimi ndiye ninayetumwa. Imebidi nitafute maneno. Anayerusha ni mrushaji, anayepiga ni mpigaji. Zile pembe nne nimeziita vituo. Wakitolewa watatu, wanabadilishana zamu. Ya mwisho, ile pembe ya kuanzia na kumalizia, wenyewe huku wanaiita nyumbani, nami nikaiacha hivyo.

Binti yangu alipogundua ninachofanya alitaka kusomewa. Kiswahili chake ni cha kuombea chakula na kukataa kuoga, lakini "mrushaji" alilielewa mara moja. Wiki iliyofuata akanisahihisha: nilikuwa nimeandika ametolewa kwenye kituo cha pili, kumbe ni cha tatu. "Mwambie Bibi kweli," alisema. Tangu hapo timu yake ikiwa inangoja zamu, anakuja kukaa kando yangu na tunaandika pamoja. Nimekuwa nikitafuta njia ya kumfanya aandike Kiswahili kwa miaka mitatu, nikanunua vitabu, nikalipa hata masomo ya mtandaoni. Kilichokosekana kilikuwa mtu wa kumwandikia na jambo la haraka la kumwambia.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, kama una droo yenye simu ya zamani, itafutie chaji yake leo kabla betri haijafa kabisa. Na kama mtoto wako ana mechi, ngoma au mtihani wa kuogelea Jumamosi hii, usitume video peke yake. Andika. Mstari mmoja, jina na matokeo, kisha subiri wakuulize.

Jumamosi iliyopita binti yangu alipiga mpira ukapita katikati ya mabeki, akakimbia vituo vyote bila kusimama. Niliandika kwa vidole vinavyotetemeka: "Kapita cha kwanza. Cha pili. Cha tatu. KAFIKA NYUMBANI! Pointi moja!"

Jibu lilichelewa kidogo. Mdogo wangu alikuwa anamsomea Mama.

"Mama anasema," aliandika, "kumbe huko mtu akifika nyumbani anapewa pointi. Anauliza, wewe unakuja lini kuchukua yako?"